Mlango Uliochorwa Ukutani

Daforoza alinipigia simu kutoka Columbus nikiwa nachambua maharage, akaniambia Mama Loreta wa Buffalo amefariki, na kwamba ndugu zake wataandaa chakula cha kumuaga katika ile nyumba ya mtaa iliyoanza kujengwa tukiwa bado kule. "Ile nyumba yenu," alisema. Nikamjibu haikuwa yangu hata siku moja, na kama ana nia ya kwenda ajiandae, maana binti yangu Neema ana gari na tutampitia njiani. Naishi Louisville miaka mingi sasa. Nina wajukuu ambao nikiwasalimia kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, na nikiwakemea wananijibu Kiingereza kilekile ila kwa sauti ya chini. Watu wa kanisani wakiniuliza Marekani nilifunzwa na nini, hutegemea niseme kazi ya maboksi, au baridi. Mimi nilifunzwa na mwaka mmoja wa Buffalo, na mwalimu wangu alikuwa nyumba ambayo sikuwahi kulala ndani yake.

Tulifika Columbus saa ya chakula. Daforoza alikuwa amepika ugali, ndagala na mboga za lengalenga, na sebule yake ina makochi makubwa yaliyofunikwa vitambaa vyeupe kana kwamba anasubiri ugeni wa rais. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu mwaka ule, kwa sababu alisoma katika kambi ya wakimbizi Tanzania mpaka kidato cha pili, na mimi niliishia darasa la tatu. "Bado umenikasirikia?" aliniuliza akinimwagia maji ya kunawa. Nikamwambia, "Sikukasirikii. Sikuamini tu." Neema akacheka mpaka akapaliwa. "Mama! Mtu amekupikia!" Nikasema, "Nimeona amenipikia. Ndiyo maana nakula." Daforoza naye akacheka, lakini niliona anatazama pembeni. Tangu Columbus hadi tunaanza kuliona ziwa hakulala, wala mimi sikulala, na nilikuwa na nafasi ya kuyapanga haya ninayoandika.

Wakati huo tulikaa upande wa magharibi wa Buffalo, nyuma ya Grant Street, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao iliyokuwa ikilalamika kila upepo ulipotoka ziwani. Jikoni kwetu palikuwa na dirisha moja, na dirisha lile liliangalia kiwanja ambacho nyumba zake zilibomolewa zamani. Shirika la mtaa lilituruhusu sisi wanawake tuliotoka kambini kulima pale. Walituwekea mbao kuzunguka kila tuta, mboga zikae ndani kama viatu katika sanduku. Sisi tukazing'oa mbao tukalima. Matuta yangu na ya Daforoza yalikuwa ya mwisho kabisa, upande wa jua kuzama. Nilipanda mahindi, maharage yakapanda juu ya mahindi, na maboga yakatambaa chini. Asiyewahi kuhamishwa kambi hawezi kujua tuta lina maana gani. Mimi nilikuwa nimehamishwa mara nyingi, na kila mara nilikuwa nimeacha kitu ardhini ambacho kilikuwa hakijaiva.

Basi waliposema wanataka maoni yetu, niliingiwa na shaka. Kule kambini nilijifunza kwamba wakubwa wakianza kukuuliza maoni yako, wameshaamua. Shirika lilitaka kujenga nyumba ya mikutano pembeni ya shamba, na walisema nyumba hiyo iwe na sura ya wenye nchi, kwa sababu ardhi ile zamani ilikuwa ya Waseneka, watu wa asili wa pale, na iwe na sura yetu sisi wageni pia. Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa chini wa kanisa. Tulipika sisi, maana wenye mikutano Marekani wanapenda kusikiliza maskini huku wakila chakula chao. Mchora ramani alikuwa kijana mpole anayeitwa Greg, shati jeupe, mikono iliyopanda na kushuka anapozungumza. Alikuja na nyumba ya kadibodi akaiweka katikati ya meza, kando ya sambusa.

Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Paa lake lilikuwa kama pipa lililokatwa katikati likalazwa, maana wazee wa Waseneka walijenga nyumba ndefu za namna hiyo kwa magome ya miti. Greg alisema wataezeka bati lenye rangi ya gome. Juu kabisa palikuwa na kioo mahali pa tundu la moshi. Nikamwambia Daforoza aulize kama kioo kinafunguka. Hakifunguki. "Sasa moshi utatokea wapi?" Greg akacheka kwa heshima, akasema hakutakuwa na moto. Sisi nasi tulipewa ukuta. Daforoza alikuwa amepeleka kikapu cha mama mkwe wake, wakakipiga picha, na mistari ya kikapu kile ikawekwa kwa ukubwa katika ujia wa kwenda chooni. "Angalau kila mtu atapita pale," Daforoza alininong'oneza. "Tena kwa haraka," nikamjibu.

Hapo ndipo nilipomwona Mama Loreta vizuri. Alikuwa mwanamke wa umri kama wangu wa leo, mnene, miwani imefungwa kwa mnyororo shingoni. Maisha yake yote aliendesha basi la shule, na alikaa katika mkutano kama anayetazama vioo vya pembeni. Shirika lilimwita awasemee Waseneka. Aliinuka, akaizunguka ile nyumba ya kadibodi, akainama, akauliza swali moja. Daforoza akatutafsiria: "Anauliza mlango mwingine uko wapi."

Nyumba ya Greg ilikuwa na mlango upande wa mashariki, kwenye barabara. Mama Loreta alisema nyumba ya watu wake ina milango miwili, wa mashariki na wa magharibi, na kwamba mataifa yao yaliposhikana zamani, waliihesabu nchi yote kuwa nyumba moja ndefu, na Waseneka ndio waliopewa kuulinda mlango wa magharibi. Alimwambia Greg, "Umechora nyumba yetu, ukaacha kuchora kazi yetu." Greg alikunja uso kwa huruma. Akaeleza kuwa mlango wa magharibi utatokea shambani, na kisheria mlango wa nyumba ya umma lazima uwe na njia ya saruji, pana, ya kupita hata mtu wa kiti cha magurudumu. Njia hiyo ingepita juu ya matuta ya mwisho. "Na shamba ni lenu," alisema, akitutazama sisi kwa upendo mkubwa. "Kwa hiyo tutawasikiliza ninyi."

Mpaka leo sijui kama yule kijana alijua alichofanya. Alichukua wanawake wawili wasio na kitu, akawawekea mfupa mmoja katikati, kisha akala sambusa. Mimi nilimwamini Greg kidogo na Mama Loreta nilimwamini hata chini ya hapo. Niliwaza kwamba shirika limechoka na mahindi yetu, na wamemtafuta mwenye nchi ili jina lake litumike kututoa. Ningefukuzwaje na mtu ambaye naye alifukuzwa? Nisingepata hata wa kumlalamikia.

Majira yale ya joto Mama Loreta alianza kuja shambani jioni. Hakuwa na Kiswahili, mimi Kiingereza changu kilikuwa cha ghalani: boksi, paleti, mapumziko. Alisimama mwisho wa matuta yangu akatazama jua. Siku moja aliyagusa mahindi yangu, na maharage yaliyoyapanda, na boga chini, akaniuliza kwa ishara nani amenifundisha. Nikamwonyesha kwa mkono mtu mfupi, mama yangu. Akatikisa kichwa sana, akafurahi kuliko ilivyostahili, na mimi nikaona ananipima. Baadaye Daforoza alinieleza kwamba hata wao hupanda vile vitatu pamoja. Nikamwambia, "Basi ndiyo maana anaona shamba ni lake."

Kisha akaja siku moja amevaa vizuri, ametia hereni. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokuwa napalilia, akatoa kifuko kidogo cha kitambaa chekundu, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nilikipokea nikadhani ni mbegu. Nikafungua, nikanusa: tumbaku! Mimi mama wa maombi, mbele ya wanawake wa kanisa, napewa tumbaku kama mzee wa kilabuni. Nikakifunga, nikamrudishia mkononi, nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba sivuti, mimi ni wa Yesu. Alinitazama muda, akasubiri. Akakirudisha mfukoni, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyepigwa, na wenzangu nyuma yangu wakapiga makofi. "Umemkomesha!" mmoja alisema. Niliendelea kupalilia, nikajiona nimesimama imara.

Mkutano uliofuata Greg alikuja na furaha. Alisema wamepata njia ya kumridhisha kila mtu. Upande wa magharibi wataweka mlango wa picha. Alifunua karatasi kubwa, tukaona ukuta, na katika ukuta umbo la mlango, kimo cha mlango, kwa vioo vidogo vya zambarau na vyeupe mfano wa shanga za wazee wa Waseneka. Jua likizama vingewaka. Shamba halitaguswa, na mlango utakuwepo, isipokuwa haufunguki. Watu walipiga makofi, nami nilipiga. Mama Loreta alikuwa ameleta supu ya mahindi meupe na maharage, mahindi yanayochemshwa kwanza na majivu mpaka ganda linatoka, na mimi nilikuwa nimekula mabakuli mawili kwa sababu yalikuwa makande matupu, makande kabisa. Yeye hakupiga makofi. Alianza kukusanya vijiko vyake vilivyotumika na ambavyo havijatumika, vyote pamoja, akaviweka katika sufuria akaondoka.

Ningeishia hapo. Shamba limepona, nani angeniuliza? Lakini baada ya mkutano nilibeba sufuria ya wali kuirudisha jikoni, na Daforoza alikuwa mle ndani anaosha sahani, simu ameiweka juu ya mfuko wa unga na sauti imefunguliwa. Alikuwa anaongea na wifi yake, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa Louisville.

"Wifi, mlango umekufa," Daforoza alisema. "Wameuchora ukutani."

"Bon, na huyo Mama Neema anajua alikatala nini?"

"Hajui. Kwa kina Loreta mtu akikuletea tumbaku amekuja kukuomba jambo zito. Ukipokea, umekubali. Ukirudisha, imekwisha, haombi tena. Loreta mwenyewe aliniambia, akanituma nimweleze Mama Neema kabla yeye hajaenda kwake."

"Na wewe haukumuambia?"

"Nimwambie ili iweje? Matuta yangu yako palepale na ya kwake."

"Ée, Dafo, uko mubaya weye! Donc unacheka?"

Walikuwa wanacheka wote wawili. Niliweka sufuria chini kwa nguvu. Daforoza aligeuka, povu mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia azime simu. "Mama Neema, nimekuokolea shamba," alisema. Nikamjibu kwamba shamba sikumtuma aniokolee. Mimi si mtu wa machozi na wala Mama Loreta hakuwa rafiki yangu. Kilichonichoma ni kwamba kulikuwa na ombi, na jibu, na jibu limetoka kinywani mwangu, na mimi sikuwepo. Nikisema hapana, nataka iwe hapana yangu, niliyoifikiria mwenyewe na kuikalia. Maisha yangu yote walikuwepo watu wa kunisemea, wenye miwani na redio za mkononi, na sasa hata tumbaku imekataliwa na mkalimani kwa jina langu.

Jumapili baada ya ibada nilimwingiza Daforoza katika gari la mume wake, nikakaa kiti cha mbele nisimpe nafasi ya kugeuza. Nyumba ya Mama Loreta ilikuwa ndogo, jiko lake lina meza yenye kitambaa cha plastiki na mahindi yaliyosukwa kwa maganda yakaning'inizwa ukutani kama vitunguu sokoni. Alitufungulia bila kutabasamu, lakini alituweka mezani na kutupa maji ya stroberi, mazito, yenye vipande. Niliyaonja kidogo kwanza, nikasubiri nione kama na yeye anakunywa. Akanywa. Nikamwambia Daforoza, "Mwulize ile tumbaku kama bado ipo."

"Siwezi kutafsiri hilo," Daforoza alisema. "Wewe ni mama wa maombi. Mchungaji akisikia?"

"Mchungaji hayupo hapa. Tafsiri."

Akatafsiri. Mama Loreta aliweka glasi chini. Nikasema kabla sijapokea chochote nina maswali, nataka yajibiwe yote, na Daforoza akipunguza neno nitalijua kwa uso wake. Niliuliza nani atashika ufunguo wa mlango huo. "Sijui," alisema. Niliuliza kama shirika limemwahidi kitu. Alisema wamemwahidi jina lake kwenye kibao, na yeye hakuomba kibao. Niliuliza, nikitoa matuta yangu, atanipa wapi pengine. Alinitazama usoni. "Sina pa kukupa," alisema. "Naomba tu." Hakuna mtu Marekani aliyekuwa ameniambia hivyo. Wote walikuwa na mpango. Nikauliza swali la mwisho, kwa nini ile picha ya vioo haimtoshi wakati ni nzuri. Alisema kwamba wajukuu zake wakikua wanaona mlango wa picha, watadhani watu wao walikuwa mapambo. "Mlangoni hutoka mtu," alisema. "Na huingia mtu. Kama hakuna anayepita, wameandika kwamba tumekwisha."

Aliinuka, akaleta kile kifuko chekundu, akaninyooshea tena kwa mikono miwili. Nikawaza mahindi yangu, nikawaza maboga. Daforoza alikuwa ameshika midomo, maana nikipokea, na matuta yake yanakwenda, na yeye alijua hatathubutu kukataa mbele yangu. Nikapokea. Nilikificha nyumbani ndani ya kopo la sukari, mume wangu akalalamika wiki nzima kwamba chai inanuka kilabu.

Katika mkutano uliofuata wa shirika nilisimama, nikasema matuta ya mwisho tumeyatoa, mimi na Daforoza, kwa hiari, na mlango ufunguke. Greg alipekua karatasi zake, akasema mchoro utabadilika, itachukua muda, akauliza kama vile vioo vya zambarau bado vinaweza kupata mahali, maana vilikuwa vizuri sana. Mama Loreta akamwambia aviweke nyumbani kwake. Kabla ya theluji tuling'oa kila kitu. Daforoza aling'oa upande wake, akavuna maboga mabichi akayatupa ndani ya ndoo kwa hasira mpaka mengine yakapasuka. Gari la saruji likaja. Mwezi huohuo mume wangu akapata kazi ya kiwanda Louisville, tukahama kabla paa halijakamilika. Sikuuona mlango ule.

Sasa nimeuona. Tuliingia Buffalo jioni, tukaikuta nyumba imejaa ndugu wa Mama Loreta, watoto wanakimbizana, supu ya mahindi imejaa masufuria. Bati la rangi ya gome limepauka. Ule ukuta wa kikapu bado uko njiani kwenda chooni, na kweli watu walikuwa wanapita kwa haraka. Nilisalimia, nikapeana mkono na binti wa Mama Loreta, anayeitwa Dona, mwenye mabega ya mama yake. Halafu nikatembea mpaka mwisho wa ukumbi, upande wa magharibi, kwa sababu sikuja kula kwanza. Mlango ulikuwepo, wa kweli, na kitasa. Mbele yake kulikuwa na viti vimepangwa kimoja juu ya kingine mpaka kimo cha mtu, na meza ya kukunja imeegemezwa. Vumbi la chini lilikuwa halijakanyagwa.

Msichana mwenye funguo kiunoni akaja mbio. Neema akanitafsiria: ule mlango hawautumii, baridi inaingia na mashine ya kupasha joto inakula umeme. Nilimwuliza tangu lini. Alisema alivyoanza kazi aliukuta hivyo. Nikashika kiti cha juu. "Mama, tafadhali," Neema alisema, "tumekuja msibani." Nikamwambia najua tulipokuja. Nilipogeuka kuweka kiti cha pili, Daforoza alikuwa amevua koti lake na kulikunja juu ya meza. Alishika viti vitatu kwa pamoja, mwanamke wa miaka yake, akavitoa. Dona akaja na wanaume wawili wakaichukua meza.

Niliusukuma. Ulikuwa umekaza, nikaupiga bega. Baridi ikaingia pamoja na mwanga wote wa jioni, ukafika mpaka kwenye masufuria, na watu wakageuka. Nje ilikuwepo njia ya saruji, imepasuka hapa na pale, na pande zake mbili matuta ya wanawake wengine nisiowajua, mabua ya mahindi yamekauka. Dona alipita kwanza. Kisha wakapita wazee, kisha watoto wakaanza kutoka na kuingia, kutoka na kuingia, kama walivyo watoto. Mlango ule una springi, kila mtu akipita unataka kujifunga. Nikavuta kiti kimoja, nikakiweka kizingitini, nikakikalia. Msichana wa funguo akauliza nitakaa pale mpaka saa ngapi. Nikamwambia Neema amwambie aniletee supu.